Mfadhili Anataka Kukuona

Sindeni, Handeni
14 Januari 2024

Mama mdogo Rukaya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Masuguru, na bibi awe anakula uji wake vizuri. Sisi huku tupo. Ikram ana miaka miwili na nusu sasa, anaongea mpaka usingizini. Juzi alimwambia baba yake, "Jabiri, kaa chini ule," jina kavukavu namna hiyo, tukacheka wote, hata Jabiri mwenyewe alicheka. Mahindi ya bondeni yameota, ya juu yamefukuliwa na nyani. Mama mkwe anakusalimu sana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilianguka ikavunjika. Ilianguka ukutani. Huyu Benedicto anayekuja huku kununua machungwa ni mtu wa Korogwe, amekubali kuwa posta yetu. Ukimpa barua atanipa mkononi.

Jambo lenyewe ni miguu, mama mdogo. Tangu uliponipeleka Dar nikaingizwa kwenye lile bomba la kupigia picha kichwa, na daktari akasema ni Emu Esi, kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe inachuna mishipa ya fahamu kama mtu anayechuna waya wa umeme, basi nimekuwa nikijiangalia. Mguu wa kulia sasa hausikii kitu kuanzia gotini kushuka chini. Kandambili inavuka njiani nami naendelea kutembea, mpaka watu waniite, "Tatu, kiatu!" Jicho la kushoto kuna siku linaona kama nimefunikwa chandarua, halafu linarudi. Nikitoka kisimani nayumba. Shemeji Awadhi ananiita Mama Gongo, anasema kisima chetu kinatoa pombe. Watu wanacheka, nami nacheka ili yaishe.

Uliniambia hapo hospitalini kazini kwako yupo Dokta Hilaria anayetafuta pesa za kuutafiti huu ugonjwa. Amepata? Usinifiche. Nina miaka ishirini na tatu, mama mdogo. Nataka kumpeleka Ikram shule kwa miguu yangu, hata iwe darasa la kwanza tu, mengine atakwenda mwenyewe.

Mwanao,
Tatu


Masuguru, Korogwe
2 Machi 2024

Mwanangu Tatu,

Marahaba. Bibi yako anakula uji, ila mkono bado haunyanyuki tangu alivyopata kiharusi, ndiyo maana nimefungika hapa. Nikitoka zamu nakimbilia kwake. Mjomba wako Mhina amepaka nyumba yake rangi ya kijani kama duka la dawa, sasa wapita njia wanaingia kuulizia Panadol. Mfungo unakaribia, Mungu atufikishe.

Habari za Dokta Hilaria nakupa kama nilivyozielewa mimi mhudumu, nikimpangia viti kwenye vikao vyake. Utafiti hauanzi hivi hivi. Mtu anaandika andiko, anaeleza anataka kutafiti nini, halafu anasubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Huko nje kuna mashirika ya ugonjwa huu, mengine yanafungua dirisha kila mwaka. Lipo fungu la watafiti wachanga, lipo la wanaotafuta dawa, na lipo fungu dogo la nchi ambazo wagonjwa wake hawajahesabiwa. Shida yetu ni kwamba wakubwa wengi wanaona huu ni ugonjwa wa Wazungu. Bila pesa dokta hawezi kuwahesabu wagonjwa, na bila hesabu ya wagonjwa hawampi pesa. Huu ni mwaka wake wa tatu analia na hilo.

Lakini safari hii furahi. Mfadhili amepatikana! Ila kabla hajatoa chochote anataka kukuona wewe mwenyewe. Nimekusifia sana, kwamba u msafi na unajua kujieleza. Utalazwa siku mbili tu halafu utarudi kwa mumeo. Uje peke yako, nauli yako ipo. Oga vizuri, vaa lile gauni la Idd. Tarehe nitakuambia.

Benedicto anasema alikukuta mdomo umevimba. Ni nyuki?

Mama yako mdogo,
Rukaya


Sindeni
9 Mei 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Poleni na mvua, tunasikia huko Hale mto umejaa. Ikram hajambo. Bibi namsalimu.

Samahani nimechelewa kujibu, nilianguka. Mkono wa kulia haukuwa wa kuandikia kwa wiki nyingi, na hapa naandika na wa kushoto, ndiyo maana unaona herufi zinalala. Ule mdomo pia nilianguka.

Barua yako niliipata. Wengine pia waliipata. Nakuomba usiandike tena lile neno la mfadhili, wala kulazwa. Andika dokta. Andika kupimwa. Na gauni la Idd usilitaje, halipo tena.

Nitakuja. Niambie tu tarehe, na ni dokta mwanamke, uandike hivyo kwa herufi kubwa.

Tatu


Masuguru
6 Juni 2024

Mwanangu,

Sina salamu ndefu leo. Bibi ni mzima, amani hatuna.

Nimemkalisha Benedicto chini. Amekuwa akinikwepa tangu Machi, akiniona sokoni anajifanya anahesabu magunia. Nimemwambia nitamsema mbele ya mkewe mpaka atakapofungua kinywa. Akafungua. Anasema ulimwapisha.

Anasema alikuwa anapakia machungwa kwa jirani yenu wakati Jabiri alipokunyang'anya barua mkononi. Jabiri akampa Awadhi aisome kwa sauti kwa kuwa yeye ndiye mwenye macho ya kusoma, na Awadhi akasoma kama anatangaza mpira. "Mfadhili amepatikana! Anataka kukuona!" Watu wakasogea. "Nimekusifia sana! Oga vizuri!" Halafu akafika pale pa kulazwa, akasimama, akamgeukia ndugu yake: "Kaka, mkeo anakwenda kulazwa siku mbili. Hapa hajaandika kitandani kwa nani."

Jabiri akauliza, "Na huyo mama yake mdogo ndiye anayepanga?"

"Nauli ameshalipa."

Ndipo Jabiri alipouchukua mchi wa kinu. Benedicto anasema mkono wako ulipovunjika alisikia mlio wake kutoka ndani ya gari. Anasema ulipoanguka Jabiri alipiga kelele, "Simama, mlevi wewe, simama!" nawe ukawa unajaribu kusimama kweli, na kila ukisimama mguu unakataa, na kila ukikataa anapiga. Ikram alikuwa amekumbatia kinu. Benedicto akashikilia honi ya Canter, hakuiachia mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakaja wakidhani ni ajali.

Tatu. Nilikuwa namaanisha kulazwa wodini. Mtoto wa darasa la nne angeelewa kulazwa wodini. Lakini nimeirudia barua yangu kichwani, kila neno lake, na kwa mtu anayetafuta sababu nilimwandalia karamu. Natamani nimweke huyo Jabiri ndani ya kinu hicho hicho nitwange mpaka mifupa iwe pumba. Mungu anisamehe, nimeandika na sifuti.

Barua hii anakuletea Mjomba Mhina mwenyewe Jumamosi. Yeye ndiye mjomba wako, akisema urudi naye nyumbani, rudi. Nimemfundisha neno kwa neno: Mfadhili SI MTU. Ni shirika, lipo Ulaya, lina ofisi na meza. DAKTARI NI MWANAMKE. Wageni wa hilo shirika wanakuja Korogwe tarehe 24 Julai kuona kwa macho yao kama wagonjwa wa Emu Esi wapo kweli Tanzania. Dokta amepata wanne, anakutegemea wewe uwe wa tano, tena wewe ndiye mwenye picha ya kichwa inayoonekana wazi. Wakiridhika, wanatoa pesa za miaka mitatu, na waliomo kwenye utafiti watapata dawa. Ile dawa, Tatu, ambayo hapa nchini tunaisikia tu.

Kama bado unaanguka, niandikie unaangukia nini.

Rukaya


Sindeni
19 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na Idd Mubarak hata kama imepita. Sisi tulichinja jogoo. Ikram alikataa kumla kwa sababu alikuwa amempa jina.

Najua mjomba atakuwa amekuambia ni pikipiki. Alituapisha wote tuseme pikipiki. Lakini umenitaka niandike naangukia nini, basi nitaandika ya mjomba, maana hayo angalau yana mashahidi.

Walikaa kwenye mkeka uani, mwenyekiti wa kitongoji yupo, Jabiri yupo, Awadhi amekaa kwenye ndoo. Mjomba akasalimia vizuri, akaeleza vizuri kama ulivyomfundisha. Akasema mfadhili si mtu, ni ofisi.

Awadhi akauliza, "Hiyo ofisi inatembelea gari gani, mjomba?"

Watu wakacheka. Mjomba akajikaza. Akasema, "Kijana, ni ofisi ya Ulaya."

"Kwa hiyo ni mzee wa Kizungu. Kaka, umepandishwa daraja!"

Jabiri hakucheka. Akasema taratibu, "Mjomba, mke wangu anayumba kutwa. Nikiuliza, naambiwa mishipa. Nikienda dukani, naulizwa kama amekunywa. Nikikaa, naletewa barua ya kulazwa. Mimi ni mwanamume wa namna gani?"

Mjomba akamjibu, "Wa namna ya kupiga kilema." Hapo ndipo alipokosea, mama mdogo, maana mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuelewa.

Jabiri alimrukia wakaanguka wote juu ya sahani za chai. Mjomba ana nguvu za zamani, alimshika koo akampigiza kichwa mara kadhaa kwenye ardhi, damu ikatoka puani kwa Jabiri. Sikujua kama ningefurahi. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Awadhi akaingia ndani akatoka na panga. Mjomba akalidaka kwa mkono mtupu, akalishikilia, na Awadhi akalivuta. Nyama ya kiganja ikafunguka mpaka nikaona kitu cheupe. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilitambaa, nikajilaza katikati yao, wakanikanyaga, mtu mmoja alisimama kabisa juu ya mguu wangu wa kulia na simjui hadi leo kwa sababu sikusikia. Mama mkwe ndiye aliyewaachanisha. Alimwaga sufuria ya chai ya moto, hakuchagua mwanawe wala mgeni.

Baada ya hapo mwenyekiti akaamua. Niende tarehe 24 nikiwa na mama mkwe, nirudi naye. Jabiri amekubali mbele ya watu. Kwa hiyo nakuja! Nimeshona gauni jingine kwa khanga mbili. Mwambie dokta wa tano yupo.

Mjomba umsafishie vizuri hicho kiganja.

Tatu


Masuguru
30 Julai 2024

Mwanangu Tatu,

Bibi anakuulizia. Sisi sote tunakuulizia.

Tulikusubiri. Nilisimama getini tangu asubuhi, kila gari la Handeni likipita natoka. Wageni walikuwa watatu, wapole, mmoja alikuwa anaandika kila kitu. Dokta akawaonyesha wale wanne. Mmoja wao alishindwa kuongea kwa woga, wa pili wageni wakasema huenda ni ugonjwa mwingine. Dokta akasema subirini, yupo mmoja anakuja, ana picha nzuri. Akasema hivyo mara ya kwanza, ya pili, halafu akaacha kusema. Saa kumi wakapanda gari lao.

Sikulaumu. Niambie tu uko wapi. Benedicto anasema nyumba yenu imefungwa na mama mkwe wako hamjibu mtu.

Kuhusu majibu ya wageni, bado hayajaja, tutaongea baadaye.

Rukaya


Wodini, Handeni
2 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Usishtuke kuona nimeandika wodini. Wamenilaza hapa tangu katikati ya Agosti. Nesi mmoja amenipa kalamu na karatasi. Ikram yupo kwa mama mkwe, anakula.

Niliangukia moto. Siku moja kabla ya safari nilikuwa nakoroga ugali, mguu ukanisaliti, nikaingia motoni na mguu wa kulia. Kwa kuwa hausikii, sikuutoa mapema. Kwanza walinipaka asali nyumbani, na asali haikufaa kitu, kidonda kikaoza nami sina habari, mpaka harufu. Jabiri ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani. Alilia njia nzima. Uandike hilo pia moyoni mwako, kwamba alilia.

Hapa wananitunza. Daktari aliniuliza kama huwa naanguka anguka, nikasema ndiyo. Basi wameandika kifafa. Nimeanzishiwa vidonge vya kifafa, vinanilaza kutwa nzima.

Nisamehe kwa tarehe 24. Umeniambia tutaongea baadaye. Je, waliridhika?

Tatu


Masuguru
12 Septemba 2024

Mwanangu,

Jumapili nilipokuja kukuona wodini nilikaa na wewe, nikakupaka mafuta, nikakusuka, nikakulisha chapati, na yale mawili niliyoyafuata sikuyasema. Kila nikifungua mdomo unaniuliza habari za bibi. Sasa nayaandika kwa kuwa karatasi haina macho ya kuniangalia vile.

La kwanza. Hawakuridhika. Barua yao ilifika Agosti, wameandika kwa adabu kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa wagonjwa wapo. Dokta Hilaria aliisoma akiwa amesimama, akaenda kunawa uso, akaendelea na kazi. Dirisha lile limefungwa. Lipo jingine dogo, linafungwa mwisho wa Oktoba, lile fungu la nchi zisizohesabiwa. Hawa wanataka, pamoja na andiko, maelezo ya mgonjwa mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Dokta alikuwa ameshachoka, nikamwambia asubiri nikuulize.

La pili ni gumu zaidi. Faili lako linasema kifafa. Dokta amepiga simu hapo wodini, wamemjibu mgonjwa mwenyewe amekiri kuangukia moto, na wanaoangukia moto ni watu wa kifafa. Mwenye kifafa kwenye faili haingii kwenye utafiti wa Emu Esi. Yaani hicho ulichosema kinakufuta.

Na mimi, Tatu, nimefanya kazi ya kubadilisha bandeji za watu tangu hujazaliwa. Mtu akiangukia moto anaungua mikono kwa kujishikiza, anaungua nguo, anaungua paja. Wewe umeungua mahali pamoja, juu ya wayo, kidonda duara chenye kingo. Moto wa jikoni hauchagui hivyo.

Ukisema kweli, wataita polisi, watajaza fomu ya polisi, na mumeo atachukuliwa. Najua. Ukinyamaza, unabaki na kifafa, na vidonge vyake, na mguu wako unaendelea kufa. Sikuchagulii. Nilikuchagulia maneno mara moja ukavunjwa mkono.

Rukaya


Wodini, Handeni
6 Oktoba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi hajambo? Leo sikuulizi ili nikukwepe, nauliza kweli.

Nilikaa na barua yako siku nyingi chini ya mto. Halafu nikamwita yule nesi, nikamwambia niitie mtu wa polisi, wa dawati la akina mama. Akaja afande mmoja anaitwa Pendo, mnene, anahema. Akavuta kiti akasema, "Haya dada, nipe yote, usinipunguzie." Nikampa. Na wewe nakupa kama nilivyompa.

Tarehe 23 alasiri nilikuwa nimeoga na nimefunga mfuko wangu. Mama mkwe alikwenda kuaga kwa jirani. Awadhi akapita, akaniona, akasema, "Kaka, bibi harusi yuko tayari." Akaondoka zake, yeye kazi yake ni kuwasha tu. Jabiri akaniambia nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku. Nikatembea, nikaanguka. Akasema rudia. Nikarudia, nikaanguka. Akanipiga makofi, kisha mateke ya mbavu, halafu akaacha, akakaa karibu yangu kama mtu anayetaka kuongea. Akasema, "Tatu, mimi sitaki kukupiga. Nataka kujua. Unasema huo mguu hausikii. Nikijua ni kweli, kesho nitakupeleka mwenyewe."

Nikamwambia ni kweli.

Akaingia jikoni akatoka na kijinga cha moto. Akasema, "Basi hutalia." Akakaa juu ya mapaja yangu, akanipa mgongo, akakiweka.

Mama mdogo, sikulia. Nilikuwa naangalia mgongo wa shati lake, lina kiraka nilichokishona mimi. Nilisikia kama mtu anakaanga, nikasikia harufu, nikafikiri ni kuku. Alikigandamiza, akaona kimya, akakigandamiza zaidi. Halafu akageuka kuniangalia usoni, nami nikawa namwangalia tu. Alikitupa kile kijinga kama kimemuunguza yeye. Akaanza kupiga yowe, "Ni kweli! Mama, ni kweli!" na Ikram akatoka ndani akaona.

Alinipaka asali yeye mwenyewe. Akanibembeleza niseme niliangukia moto. Nikasema.

Afande Pendo alipomaliza kuandika alifuta jasho, akaniuliza kama nina hakika, maana nikishaweka sahihi hakuna kurudi. Nikaweka. Walimkamata Jabiri shambani. Awadhi alikuja wodini siku ya pili yake, akasimama miguuni pa kitanda akasema nikitoka hapa miguu yote miwili itafanana. Wagonjwa wenzangu walimtupia vikombe, bibi mmoja aliyekatwa kidole alimpiga na chupa ya maji kichwani, mlinzi akamtoa. Naye anatafutwa.

Siku walipomleta Jabiri kutambuliwa alikuwa amepigwa na watu, jicho moja limefumba. Akaniambia, "Tatu, nilikuwa nakupima tu."

Nikamwambia, "Madaktari pia walinipima. Wao walitumia sindano, na wakasema samahani."

Sikufurahi. Nilitaka nimfute lile jicho. Sikumfuta.

Mama mkwe nilidhani atanilaani. Alikuja juzi na Ikram amebebwa mgongoni, na nguo zake zote kwenye kiroba. Akamweka kitandani kwangu. Akasema, "Yule nimemzaa mimi, nitampelekea chakula huko aliko. Huyu mpeleke kwenu." Akaondoka bila kukaa.

Daktari wa hapa ameongea na Dokta Hilaria kwa simu, nami nimewaeleza habari za picha ya Dar. Neno la kifafa wamelikata kwa mstari. Vidonge vile nimeacha, sasa naamka. Vidole viwili vya mguu wamevikata, wayo wameuokoa. Jumatano wananiruhusu, na Benedicto atatuchukua, ameweka godoro juu ya machungwa.

Mwambie dokta aombe tena. Haya hapa chini ni maelezo waliyoyataka. Nimeyarudia mara tatu, nesi amenirekebishia herufi tu, maneno ni yangu. Msiyapambe.

"Mimi naitwa Tatu, natoka Sindeni, wilaya ya Handeni. Nina miaka ishirini na tatu na mtoto mmoja wa kike. Mmesema hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba tupo. Mguu wangu wa kulia hausikii moto. Umeshajaribiwa. Kidonda kipo na picha ya kichwa ipo, mnaweza kuja kuviona vyote viwili. Huku kwetu wapo wengine wanaoyumba njiani na kuitwa walevi, na kila mmoja nyumbani kwake yupo mtu anayetaka uthibitisho. Toeni hizo pesa dokta awafikie yeye kwanza. Mimi nitamsaidia kuwatafuta, nawajua wawili tayari. Lakini msikae sana, maana vidole vya mguu wa kushoto vimeanza kufa ganzi."

Mwanao,
Tatu